Barua Hufuata Namba

Kri, kri, halafu ta! Ufunguo ulikuwa unakataa mzunguko wa kwanza, unakwaruza kidogo kama mtu anayeamshwa usingizini, unakubali mzunguko wa pili, na kamlango ka chuma kanaruka mbele. Hata leo nikiwa napiga pasi, au nimekaa tu nawaza yangu, mlio ule unakuja wenyewe masikioni, na mkono wangu unataka kunyooka uingie ndani kupapasa. Kama kuna barua, vidole vinagusa karatasi. Kama hakuna, vinagusa baridi ya chuma. Baridi ya Iringa asubuhi, mwenye kuijua anaijua.

Namba ya sanduku lile la posta sitaiandika hapa. Ilikuwa fupi, maana duka letu lilikuwa la zamani, na namba fupi walizichukua waliowahi. Niliitaja kwa majivuno kama watu wanavyotaja ukoo wao. Mtu akiniuliza wewe ni nani, nilitaja jina langu, jina la baba yangu, halafu namba. Watu walicheka. Mimi sikuona cha kucheka.

Nieleze kidogo, maana vijana wanaokuja watadhani kila mtu alikuwa na sanduku lake posta. Hapana. Sanduku lilikuwa la duka, la kanisa, la shule, la ofisi. Sisi wengine tulijishikiza. Barua yako iliandikwa jina lako, chini yake jina la mwenye sanduku, chini yake namba. Ukigombana na mwenye sanduku, basi, umepotea duniani kama sindano kwenye pamba. Lakini nani anawaza ugomvi wakati mambo ni mazuri?

Na mambo yalikuwa mazuri. Nililetwa pale dukani na kaka yangu nilipomaliza darasa la saba na kukosa nafasi ya kuendelea. Tulitoka Kilolo kwa miguu mpaka tulipopata lori la mbao. Wazazi wetu walikuwa wamekwisha kufariki, tumebaki wawili tu, mimi na yeye. Mwenye duka alikuwa mama mjane, mnene, mcheshi, fundi wa sare za shule. Kaka alimsalimia kwa adabu, "Kamwene, Mama," akaniweka mbele yake kama mtu anayekabidhi kuku.

"Mama, nakuachia mdogo wangu. Anaota ota ovyo lakini mikono yake ni mizuri."

"Anaota nini?"

"Kila kitu."

"Ataota vishikizo," Mama alisema, na sote tukacheka. Usiku ule nililala chumba cha nyuma pamoja naye, na tangu siku ile nikawa mwanawe. Hivyo ndivyo alivyosema, na mimi nikaamini.

Kaka akaenda zake kutafuta kazi kwenye ujenzi wa reli ya kwenda Zambia. Kambi yao ilikuwa inahama kila reli ilivyosogea. Leo wapo bondeni, mwezi ujao wapo mlimani wanatoboa. Kwa hiyo yeye hakuwa na namba ya kudumu. Mwenye namba nilikuwa mimi. Alisema, "Mimi ni mbuzi anayezurura, wewe ndiye mambo." Mambo, kwa asiyejua, ni kile kigingi anachofungiwa mbuzi.

Kazi yangu dukani ilikuwa pindo, matundu ya vifungo, na barua. Barua hizo zilikuwa za wateja. Watu wa vijijini, Kilolo huko na kwingineko, walikuwa hawana futi ya kupimia. Mzazi alichukua uzi akampima mtoto. Kifua, anapiga fundo moja. Kiuno, mafundo mawili. Urefu wa sketi au kaptula, mafundo matatu. Akaukunja ule uzi akautia kwenye bahasha pamoja na barua, akaituma. Mimi nikifungua bahasha natoa mtoto mzima kwenye kiganja! Huyu mwembamba, huyu tumbo kubwa, huyu amerefuka tangu mwaka jana. Nyuzi tulizitundika ukutani kwenye misumari, kila mmoja na kikaratasi cha jina, na mimi nilikuwa nazisalimia. Majibu niliandika mimi, kwa hiyo baada ya muda wateja wakawa wanaandika jina langu juu ya bahasha, la Mama chini. Mama hakujali. Alikuwa hajui kusoma. Alisema, "Wewe ndiye macho yangu."

Ufunguo wa sanduku niliuvaa shingoni kwa kamba ya kitambaa cha sare, na kila siku ya kazi nilipanda mpaka posta. Karani wa dirishani, mzee mmoja mwenye koti lililoisha viwiko, alinizoea.

"Mwenye posta amekuja," alikuwa anasema. "Tufunge sisi wengine twende nyumbani?"

"Msifunge, nina barua yangu kutoka kwa kaka."

"Kaka, kaka. Kila siku kaka. Huna mchumba akuandikie?"

"Mchumba ataandika nikiwa na cherehani yangu."

Barua za kaka zilikuwa fupi na za kuchekesha. Anasema wanalishwa wali mpaka anaota ugali. Anasema ametengeneza urafiki na nyani. Anasema treni ikianza nitapanda bure, nitakaa dirishani, na yeye atanionyesha kwa kidole, huu mlima tuliutoboa sisi. Nilimsomea Mama barua hizo jioni tukila, na Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Nikimaliza kusoma nilikuwa nakaa nawaza huko, tonge mkononi. Mama ananiangalia. "Umeshaondoka tena," anasema. "Rudi ule, ugali unapoa."

Halafu ikaja barua ambayo kwa wakati ule niliiona ya kawaida tu. Kaka aliandika kwamba wanavuka kuingia Zambia, kambi inavunjwa, nisijibu kwanza. "Nikitulia nitakuandikia na kukupa anwani mpya. Wewe kaa palepale kwenye namba yako." Mwaka uleule kule kwetu Kilolo watu walihamishiwa kijiji kipya. Nyumba ya wazazi ikabaki na bundi, majirani wakatawanyika. Sasa hata kaka angerudi kunitafuta, asingekuta mtu wa kumuuliza. Katika dunia nzima kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo kaka yangu angenipata, na mahali hapo palikuwa na mlango mdogo kuliko kiganja changu.

Wakati nasubiri barua hiyo ndipo walipokuja akina mama wawili kutoka Uyole, Mbeya. Walikuwa na kikundi cha ushonaji, wanatafuta mtu anayejua kola. Waliona kola niliyoishona mimi Mama akiwa msibani, wakaigeuza nje ndani, ndani nje. Mmoja wao, Mwenyekiti wao, Mnyakyusa mrefu mwenye sauti ya kanisani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hapa una cherehani yako?"

Sikuwa nayo. Miaka yote ile cherehani ilikuwa ya Mama na mimi nilikuwa mtu wa sindano ya mkono.

Nilikaa na jambo hilo tumboni kama mtu aliyemeza kokwa. Nilipomwambia Mama alikuwa anakata kitambaa. Mkasi ulisimama. Halafu ukaendelea, polepole.

"Uyole kuna baridi kuliko hapa," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Utakula ndizi kila siku."

"Nitazoea, Mama."

Akakata mpaka mwisho wa kitambaa. Kisha akasema, "Kifaranga hakai chini ya bawa mpaka naye atage. Nenda, mwanangu."

Nililia, nikamshika miguu. Nilimwambia kitu kimoja tu kinaniumiza, barua ya kaka. Mama akaniinua. Alisema, nakumbuka kila neno, "Sanduku ni lako. Namba haihami. Ikija barua yako nitaiweka kama yai mpaka ikufikie."

"Utaijuaje, Mama?"

"Nifundishe."

Wakati ule kila mtu mzima alikuwa anakwenda kisomo, ngumbaru, na Mama naye alikuwa ameanza, anachoka, analala darasani. Basi nikamfundisha mimi. Hatukutumia daftari. Tulitumia vifungo. Juu ya meza ya pasi nilipanga vifungo vyeusi, herufi kwa herufi, mpaka jina langu likatokea. Mama akalifuata kwa kidole. Nikalivuruga, akalipanga mwenyewe. Mwanzo aligeuza herufi moja nyuma mbele, nikamwambia hiyo imevaa sketi kinyume, akacheka akaigeuza. Mwisho nilimwekea bahasha nyingi za zamani, za watu mbalimbali, nikamwambia nitolee zangu. Akazitoa zote! Hakukosea hata moja. Alipiga vigelegele, akacheza mle dukani na futi shingoni, mpaka mteja mmoja akachungulia akidhani kuna harusi. Lilikuwa jina la kwanza alilolijua kusoma maishani mwake. Jina lake mwenyewe lilikuja baadaye.

Niliuvua ufunguo nikamvalisha yeye. Shingo yangu ikawa nyepesi ajabu njia nzima mpaka Mbeya.

Uyole nilipapenda mara moja, nisiseme uongo. Ukungu, viazi, maziwa, na barabara kuu ambapo magari makubwa ya kwenda Zambia yanapumzika. Nilipewa cherehani. Ilikuwa kuukuu, inalia kama mbuzi, lakini kila asubuhi nilikuwa naifunua kwa heshima. Kikundi kilikuwa kimepata sanduku jipya posta, namba ndefu, mbaya, isiyokaa kichwani. Niliichukulia kama viatu vya kuazima. Namba yangu ya kweli ilikuwa Iringa.

Nilimtumia Mama bahasha zenye stempu na anwani ya Uyole tayari, ili yeye kazi yake iwe kutumbukiza tu. Nilizituma kwa utingo wa basi linalokwenda na kurudi, kijana mwenye mdomo. Niliposikia basi lao limeingia nilikimbia barabarani na sindano bado iko kifuani.

"Haya, dada, salamu za Iringa. Mama anasema hakuna barua. Anauliza unarudi lini."

Basi lijalo, hivyohivyo.

"Hakuna. Anauliza unarudi lini."

"Umemuuliza vizuri? Umetaja kaka?"

"Nimemtaja kaka yako mpaka abiria wanamjua. Hakuna! Dada, kwa nini usiandikiane na mimi? Mimi sihitaji hata stempu, najileta mwenyewe."

Nilicheka. Bado nilikuwa nacheka wakati ule. Nilijiambia Zambia ni mbali, wino umeisha, kaka ana kazi nyingi, kaka ameoa anaona haya kusema. Nilimwozesha kaka kichwani mwangu wanawake wengi. Nilituma hata kadi ya salamu redioni na namba mpya ya Uyole, nikakaa karibu na redio ya Mwenyekiti kila kipindi, na siku waliposoma salamu za wengine wote bila za kwangu Mwenyekiti akanishika bega. "Ndaga," alisema. Kwa Kinyakyusa neno hilo ni pole na ni asante pia, sikujua ananipa ipi. "Barua haipotei, mwanangu. Nenda Iringa ukaulize mwenyewe."

Nilikwenda baada ya msimu wa sare. Nilishuka Ipogolo, chini ya mji, nikapanda kilima kwa miguu, kikapu mkononi na furushi la viazi kichwani, zawadi ya Mama. Nilikuwa na furaha, kwa kweli. Nilikuwa na hamu na Mama wangu.

Aliponiona mlangoni alipiga ukelele, akanikumbatia na viazi vyangu.

"Umenenepa! Jamani, tazameni, Wanyakyusa wameninenepeshea mtoto! Kaa, kaa. Umekula? Hujala. Nani anakula kwenye basi."

Akanipikia mwenyewe. Tulikula kwenye meza ileile ya pasi. Kuta zilikuwa na nyuzi nyingi kuliko zamani. Mama alizungumza bila kupumzika, nani amezaa, nani amefilisika, mwalimu wa ngumbaru anavyomsifu, sasa anasoma hata maandishi ya kwenye mifuko ya unga. Ufunguo ulikuwa shingoni kwake, umeingia kwenye jasho la kifua, na kila alipocheka uliruka.

"Na barua, Mama?"

"Hamna, mwanangu. Naangalia kila siku. Hamna kabisa." Akanimiminia chai. "Labda amesahau. Wanaume wakishavuka mpaka."

Neno hilo liliniumiza kwa ajili ya kaka, nikatazama pembeni. Hapo ndipo nilipoziona vizuri zile nyuzi. Vikaratasi vilivyoning'inia vilikuwa na mwandiko wa mtu mwingine, mwandiko wa chaki ya ubaoni, mkubwa na wa kupendeza.

"Nani anakuandikia siku hizi?"

"Mwalimu wangu ananisomea barua za wateja," alisema haraka. "Bado wanaandika jina lako, hawa watu. Nimewaambia umeondoka lakini wapi."

Kwa hiyo barua zenye jina langu zilikuwa zinafika. Sikufikiri baya. Niliwaza tu, vizuri, jina langu bado linapita. Nikaaga kwamba natoka kidogo kunyoosha miguu, na miguu ikanipeleka yenyewe inakojua, posta.

Karani alikuwepo, koti lilelile. Alipoinua uso hakufanya utani wake. Alinitazama kama mtu anayemwona aliyekwisha kuzikwa.

"Kumbe upo!"

"Nipo, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona tumeambiwa hujulikani ulipo?"

Nikacheka, nikidhani ndio utani wenyewe. Yeye hakucheka. Akasogea karibu na dirisha.

"Binti, barua zako zinarudi. Mama anaziweka hapa dirishani. Zenye uzi anaondoka nazo. Anazipapasa hivi," akanionyesha kwa kidole gumba na cha shahada, kama mtu anayepima ubora wa kitambaa, "akisikia uzi anaitia mkobani. Akiona haina uzi na ina jina lako, ananirudishia. Anasema, huyu simjui, irudishe ilikotoka."

"Zote?"

"Zote zisizo na uzi. Mbili zilikuwa na stempu ya Zambia. Ya kwanza nilimwambia, Mama, hii si ya kaka wa yule binti? Akaniambia, simjui. Ya pili ilipokuja sikumwuliza tena. Nikagonga mhuri."

Nilishika ukingo wa dirisha. Nilimwuliza kama anakumbuka nyuma ya bahasha ilikuwa imeandikwa wapi, jina la mji, kambi, chochote. Akafumba macho, masikini, alijitahidi kweli. Hakukumbuka. Barua ngapi zinapita mkononi mwake.

"Ikija nyingine," nilisema, "niwekee, mzee wangu. Nitumie Uyole."

"Siwezi. Barua hufuata namba, binti, haifuati mtu. Namba ni ya Mama. Nikikupa wewe nimeiba." Halafu akaongeza kwa sauti ya huruma, na huruma yenyewe ndiyo iliyonimaliza, "Na mtu aliyerudishiwa mara mbili, mara ya tatu anaandika?"

Njia ya kurudi dukani siikumbuki. Nakumbuka nimesimama mlangoni na Mama anaosha vikombe.

"Mama, wewe hunijui?"

Hakugeuka. Nilijua hapo hapo kwamba ni kweli, kwa jinsi mgongo wake ulivyotulia.

"Nimetoka posta," nilisema.

"Yule mzee ana mdomo."

"Nilikufundisha jina langu kwa vifungo, Mama. Juu ya meza hii. Ukacheza."

"Nilicheza, ndiyo." Akageuka, mikono inachuruzika maji. "Na wewe ukaondoka. Nilikuchukua hujui hata kutunga uzi, ukala sahani yangu, ukalala kitanda changu. Wamekuja watu na cherehani mbovu, ukaondoka!"

"Ulinibariki."

"Nifanye nini? Nikufunge kamba?"

"Barua za sare umezichukua na jina langu juu yake. Ya kaka umesema hunijui."

"Za sare ni za duka!"

"Na ya kaka ni ya nani?"

Akajifuta mikono kwenye kitenge, taratibu, kila kidole. Nilitaka sana aseme neno ambalo lingenisaidia kumsamehe. Nilikuwa tayari kumsamehe! Angesema alikosea, angesema hakuona vizuri, ningeamini.

"Kila ukisoma barua za huyo kaka yako ulikuwa unaondoka hapa mezani umekaa palepale," alisema. "Nilikuwa nakuona. Nikajua ikija ya Zambia akakuita, utakwenda, sitakuona tena mpaka nafukiwa. Ila usipopata barua utakuja kuulizia." Akaninyooshea mkono, kiganja juu. "Haya, si umekuja?"

Mpaka leo swali lile linanirudia. Maana nilikuwa nimekuja. Nilikuwa nimebeba na viazi.

"Ungeziweka basi," nilisema. "Ungezificha chini ya godoro. Kwa nini ukazirudisha?"

"Ningeziweka ningekupa. Najijua."

Akaivua kamba shingoni, ufunguo ukatoka umelowa jasho. Akauweka juu ya meza ya pasi, kati yetu.

"Rudi. Cherehani nakupa wewe. Na namba ni yako kama zamani. Ataandika tena, ni kaka yako."

Nilisimama nikautazama ule ufunguo. Nitasema ukweli, mkono wangu ulinyooka. Nilifikiri, nikirudi, kila siku nitafungua mwenyewe, na kama kaka ataandika mara ya tatu nitakuwepo. Nikibaki Uyole, hata akiandika mara mia hatanipata. Lakini nikamwona Mama anautazama mkono wangu na uso wake unaanza kufurahi, uso uleule wa siku ya vigelegele, na nikaurudisha mkono. Nitalalaje ubavuni kwa mtu aliyetamka dirishani kwamba hanijui? Kila siku nisipokuta kitu ndani ya sanduku ningejiuliza ni nani amenitangulia kufungua.

"Kwaheri, Mama," nilisema.

"Usiku unaingia! Utalala wapi?"

"Kwa watu wanaonijua."

Yalikuwa maneno tu ya hasira. Nililala kwenye benchi la kituo cha basi Ipogolo, nimekumbatia kikapu, na sikulia mpaka basi lilipokwisha kuondoka alfajiri. Kwenye basi nililia njia nzima. Utingo alinipa kiti cha dirishani.

Mwenyekiti nilimwambia kwa kifupi. Alikasirika kuliko mimi. Alitaka aende Iringa yeye mwenyewe akamvue Mama kitenge mbele ya soko. Nikamwambia aache. Nilikuwa bado nampenda, na hilo ndilo lililokuwa linauma zaidi, kwamba anayenikana ndiye ninayemjua harufu ya mto wake.

Basi nikawa mtu wa namba ndefu. Nilijifunza namba hiyo kwa moyo, nikaiimba nikikanyaga cherehani, mpaka ikakaa kichwani. Lakini namba hata uijue vipi haina maana kama hujui pa kuipeleka. Kaka alikuwa mahali fulani ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, pengine ameshika bahasha yenye mhuri mkononi, anajiuliza mdogo wake amekufa au amemkataa. Lipi baya zaidi, sijui.

Asubuhi moja nilitangulia kazini kabla ya wengine. Ukungu ulikuwa mzito, umande unadondoka kwenye mabati. Magari makubwa yalikuwa yamepangana kando ya barabara, pua zote zimeelekea Tunduma, na madereva walikuwa ndani ya mgahawa wanakunywa chai, nasikia vicheko vyao tu. Nilisimama nyuma ya gari la mwisho. Ubao wa nyuma ulikuwa wa rangi ya kijani, mpana kama mlango. Nilitoa chaki ya kukatia kwenye mfuko wa gauni, nikafuta umande kwa mkono wa sweta, nikaandika jina la kaka kwa herufi kubwa. Chini yake nikaandika, niko hai. Chini yake nikaandika ile namba ndefu, yote, na jina la Mbeya.

Nilijua mvua ikinyesha njiani Mbozi maandishi yale hayatafika hata mpakani. Chaki ilikuwa imebaki kipande. Nikaenda kwenye gari la pili.